Unga wa Njano Alfajiri: Kalenda ya Hewa ya Masasi na Newala

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa Julai, Newala bado imejifunika ukungu. Jogoo ameshawika na adhana imekwisha, lakini kinachouamsha mtaa ni injini ndogo inayonguruma huko mikoroshoni. Kijana amebeba mashine mgongoni, kavaa koti la mtumba lililofungwa vifungo hadi shingoni, na puani kajifunga kipande cha khanga kuukuu. Anauelekeza mkonga wa mashine juu, anakaza mafuta, na wingu la unga wa njano linapanda hadi kileleni mwa mkorosho. Linasita kidogo, kisha linashuka taratibu juu ya majani yaliyolowa umande. Kijana anahamia mti wa pili. Nyuma yake wingu la kwanza halijamaliza kushuka. Sehemu yake imebaki ikielea, inavuka mpaka wa shamba, inavuka njia ambayo baada ya nusu saa watoto wataipita kwenda shule.

Unga huo ni salfa, na kwa mtu wa Masasi, Newala au Tandahimba hauhitaji utambulisho. Harufu yake ikianza kusikika, watu wanajua mwezi bila kutazama kalenda.

Mazungumzo ya leo ni juu ya hewa. Mtu akisikia habari za hewa chafu, fikra zake zinakwenda kwenye foleni ya magari Dar es Salaam au moshi wa viwanda vya nchi za mbali. Hafikirii Mkomaindo, jina ambalo Masasi nzima inalijua kwa hospitali yake, wala hafikirii ukingo wa uwanda wa Makonde kule Newala, mahali panaposifiwa kwa baridi na upepo wake. Hata hivyo miji hii midogo ya kusini ina misimu ya hewa inayopokezana kama misimu ya mazao, na mingi kati ya hiyo inatokana na mazao yenyewe.

Kwanza jiografia kidogo, maana ndiyo inayoamua nani avute nini. Newala imekaa juu ya uwanda, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, ukingoni kabisa. Ukisimama kwenye ukingo uitwao Shimo la Mungu unaona ardhi ikiporomoka chini ya miguu yako kuelekea bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Masasi iko chini ya uwanda, upande wa magharibi, imezungukwa na milima ya mawe kama Mtandi, pale walipoanzia wamisionari wa Kianglikana mwaka 1876. Kuanzia Aprili hadi Oktoba upepo unaotawala ni kusi, unaotoka baharini kusini-mashariki. Kwa hiyo kilichorushwa angani juu ya uwanda, upepo unakielekeza upande wa Masasi.

Sifa ya hewa ya juu ni ya zamani. Mtafiti wa Kijerumani Karl Weule alipopita Masasi na Newala mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikielekea kwisha, aliandika masimulizi ya Wamakonde kuhusu asili yao. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mwanamke kutoka kwenye mti, ikapata uhai, wakawa mume na mke. Walipokaa karibu na mto, watoto wao walizaliwa wafu. Walipopanda juu uwandani, mtoto akaishi. Wazee wakausia vizazi vyao wakae juu, mbali na mabonde ya maji makubwa yanayoleta maradhi. Uwanda, kwa masimulizi hayo, ulichaguliwa kwa ajili ya afya.

Lakini wosia huo ulikuwa na gharama. Uwanda wa Makonde hauna mito. Mchanga wake unanyonya mvua yote, na kwa vizazi wanawake wameshuka mabondeni na kupanda tena na maji kichwani. Mradi mkubwa wa kusukuma maji kutoka chini kwenda juu ulianza miaka ya 1950, na visima vya Mitema vimekuwa tegemeo lake. Jambo hili la maji lishikwe vizuri, kwa sababu ndilo linalofungamana na unga wa njano.

Mkorosho si mwenyeji wa hapa. Wareno waliuleta pwani ya Afrika Mashariki kutoka Brazili katika karne ya 16, ukaupenda mchanga wa kusini, na kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna kiasi cha tani 145,000 za korosho. Kisha mambo yakaharibika. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa na kuacha mashamba yao mbali, bei ikamkatisha mkulima tamaa, na mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaingia ugonjwa mpya: ubwiriunga. Ni ukungu mweupe unaofanana na unga wa muhogo. Unavamia majani machanga na mashada ya maua, maua yananyauka, na mti mzima unaweza kumaliza msimu bila korosho za kujaza kibaba. Katika msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 17,000.

Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na Mtwara, walikuwa miongoni mwa waliohangaika kutafuta dawa, na jibu lililoenea likawa salfa ya unga. Jibu hilo lilifanya kazi. Pamoja na miche bora, bei nzuri zaidi na mpango wa kuuza kupitia stakabadhi ghalani, salfa imo katika hesabu ya kurudi kwa korosho, hadi msimu wa 2024/25 ambapo nchi ilivuka tani 500,000. Shule, nyumba za bati na pikipiki nyingi za Newala na Masasi zimetoka humo. Mtu anayezungumzia ubaya wa salfa bila kutaja hilo hatapata msikilizaji hata mmoja kilabuni.

Kwa nini unga, wakati kuna dawa za maji? Dawa za maji zipo na zimesajiliwa, na wakulima wengi wanazitumia. Lakini dawa ya maji inataka maji, tena mti kwa mti, shamba kwa shamba. Juu ya uwanda ambako ndoo moja ina bei, mkulima anaulizwa achague kati ya kunywesha familia na kunywesha mikorosho. Unga hautaki tone. Ndiyo maana mahali palipokimbiliwa kwa sababu mabonde yalikuwa na maradhi, leo pana vumbi la dawa kwa sababu maji yalibaki mabondeni.

Na sasa hesabu. Kipimo kinachojulikana na wakulima ni robo kilo ya salfa kwa mkorosho mmoja kwa raundi moja, na raundi zinaweza kufika nne au tano, zikipishana kwa wiki mbili hivi. Mikorosho ikipandwa kwa nafasi inayoshauriwa ya mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba miti kama 28. Hiyo ni kilo saba kwa raundi, kilo 35 kwa msimu wa raundi tano. Mwenye ekari tatu atarusha angani zaidi ya kilo mia moja kati ya Juni na Septemba. Jirani yake naye vivyo hivyo, na jirani wa jirani. Newala ni mji ambao mikorosho imeingia hadi nyuma ya vyoo na kwenye viwanja vya shule. Hapana mstari unaosema shamba linaishia hapa na makazi yanaanzia pale.

Saa ya kupuliza nayo ina sababu. Ubwiriunga unapenda kipupwe, yale majira ya baridi na umande. Mpulizaji anaamka alfajiri kwa kuwa umande unaunasa unga juu ya jani na upepo bado haujaamka. Jua likipanda na kusi kuanza kuvuma, unga unapeperuka na kazi inakuwa hasara. Tatizo ni kwamba saa inayoufaa mti haimfai binadamu. Usiku wa baridi, hewa nzito inalala chini na ile ya joto inakaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Kila kilichomo chini, iwe salfa, iwe moshi wa mafiga ya uji wa asubuhi, kinabaki usawa wa pua hadi jua lipige. Masasi, iliyokaa chini kati ya milima yake ya mawe, inaujua utando huo wa kijivu unaoonekana asubuhi kutoka mlimani na kutoweka kabla ya saa nne.

Salfa si sumu kali ya kuua mtu papo hapo, na wapo wanaojivunia kuipuliza kwa miaka 20 wakiwa wazima. Inawasha macho, inakausha koo, inachoma ngozi yenye jasho na inaleta kikohozi. Mpulizaji akimaliza kazi hunawa uso, hupenga kamasi za njano, akaendelea na siku yake. Swali zito zaidi ni la wale wasiopuliza, wanaopitiwa tu na wingu.

Swali hilo liliulizwa mbali na hapa, katika bonde la Salinas, California, ambako salfa hupigwa kwenye mizabibu na mashamba ya matunda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwafuatilia watoto wa familia za vibarua wa mashambani, na mwaka 2017 wakachapisha matokeo. Kadiri salfa ilivyotumika kwa wingi ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani kwa mtoto, ndivyo mapafu yake yalivyopungua nguvu ya kusukuma pumzi akiwa na umri wa miaka saba, na ndivyo uwezekano wa kutumia dawa za pumu ulivyoongezeka. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi peke yake kwamba salfa ndiyo mkosaji. Lakini Newala, ndani ya kilomita moja kutoka nyumba yoyote mikorosho haikosekani.

Kuanzia Januari 2018 jimbo hilo la Marekani likawa na kanuni ya viuatilifu jirani na shule za umma na vituo vya watoto: upulizaji wa aina kadhaa, ukiwamo wa dawa za unga kama salfa, ukapigwa marufuku ndani ya robo maili, yaani mita 400, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Mkulima hakunyang'anywa salfa. Aliambiwa tu saa na mahali.

Hapa nyumbani watafiti nao hawakulala. Katika miaka ya 1990 Amos Majule na wenzake walichunguza kinachotokea chini ya mkorosho uliopulizwa mwaka baada ya mwaka, na wakaonyesha kwamba salfa inayodondoka inaongeza tindikali ya udongo, jambo baya kwa muhogo, mbaazi na mahindi yanayopandwa katikati ya mikorosho. Yaani udongo ulishatazamwa miaka mingi iliyopita. Mapafu ya anayelima udongo huo yanastahili kutazamwa vivyo hivyo.

Salfa haijaisha, moshi unaanza kupokea zamu. Kuanzia Julai majani yamekauka, na hadi Oktoba moto unatembea. Mmoja anasafisha shamba jipya. Mwingine anachoma takataka chini ya mikorosho ili korosho zikianguka zionekane. Vijana wanachoma pori kutafuta panya, kitoweo ambacho Mmakua na Mmakonde hawahitaji kukionea haya, lakini moto wa panya hauna adabu, na kila mwaka kuna mkulima anayeamka na kukuta mikorosho yake imebabuka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuwasha moto ovyo porini. Moshi wake unavuka Ruvuma kutoka Msumbiji na kurudi. Satelaiti huona ukanda huu wote wa miombo, kutoka Angola hadi Bahari ya Hindi, ukiwa na vidoti vyekundu. Aliyesimama Shimo la Mungu mwezi Septemba haoni vidoti. Anaona bonde limejaa maziwa ya kijivu, na mto haupo.

Vumbi nalo lina fungu lake. Udongo mwekundu wa barabara unasagika kuwa poda, na malori ya mizigo yanauinua juu ya migahawa na magenge ya nyanya. Barabara ya kutoka Mnivata hadi Newala na Masasi, kilomita 160, imepewa makandarasi, na pale lami inapofika nguo zinaanikwa bila hofu.

Oktoba korosho zinaanguka, na moshi unabadilika harufu. Nyuma ya nyumba mwanamke ameweka karai la bati juu ya mafiga, kalitoboa matundu, kalijaza korosho ghafi. Moto ukishika, maganda yanatoa mafuta, mafuta yanawaka, na moshi mweusi unapanda kwa kishindo. Anakoroga kwa mti mrefu huku kageuza uso pembeni, anamwaga karai mchangani, anazima kwa majivu, kisha anakaa kubangua moja moja. Mafuta yale ya ganda yanachubua ngozi ya vidole, na wabanguaji hujipaka majivu kuyazuia. Moshi wake unatoka kwenye mafuta hayohayo, na hakuna anayejipaka majivu mapafuni.

Desemba mvua zinaanza. Anga linaoshwa, milima ya Msumbiji inarudi mahali pake, na kila mtu anasifu hewa. Ila kuni zimelowa. Jiko lililokuwa uani limeingizwa ndani, na chumba kimoja chenye dirisha la kiganja kinabeba mama, mtoto mgongoni na moshi wa kuni mbichi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa ndani ya nyumba ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Ndiyo maana mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe na nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Gesi imeshafika maduka ya Masasi. Shida ni kujaza mtungi mwezi Februari, wakati fedha za korosho zimekwisha.

Hiyo ndiyo kalenda: salfa, moto, vumbi, ganda, kuni mbichi. Hata miezi ya mvua haina nafuu kamili.

Kinachokosekana katika mazungumzo haya ni kipimo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango kipya cha chembe laini kabisa hewani, zile zinazopimwa kwa jina la PM2.5: zisizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kwa saa 24, na wastani wa 5 kwa mwaka. Tanzania nayo ina kanuni zake za viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007. Zamani ungeambiwa mashine za kupimia ni za mataifa tajiri. Lakini Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha mradi wa AirQo mwaka 2015, kikatengeneza vipimo vya bei nafuu vinavyostahimili joto na vumbi la kwetu, vingine vikafungwa kwenye bodaboda. Masasi haikosi bodaboda. Kipimo kimoja juu ya paa la shule Newala, kingine Mkomaindo, vikiachwa mwaka mmoja tu, vingemaliza ubishi mwingi.

Ila si kila kitu kingoje kipimo. Moto wa pori ni mgumu, maana hauna mwenyewe. Kuni ni ngumu, maana zinagusa mfuko. Salfa ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu ina tarehe, ina daftari na ina wenyewe. Kila mfuko wa kilo 25 unahesabiwa kutoka bandarini hadi kwenye ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, na jina la mkulima linaandikwa pembeni ya idadi yake. Vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU vinavijua vyama vya msingi vilivyo chini yake. Mtandao unaoweza kumfikisha mkulima wa Kitangari na robo kilo kwa kila mti hauwezi kushindwa kumfikisha na barakoa nzuri ya vumbi na miwani ya kukinga macho. Ratiba inayopanga raundi ya kwanza hadi ya tano inaweza pia kusema kwamba mikorosho ya jirani na shule ipulizwe wakati wa likizo ya Juni au Jumamosi, na kwamba pale maji ya bomba yalipofika, miti ya katikati ya mji ipewe dawa ya maji kwanza.

Mambo haya hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji ajenda moja kwenye mkutano wa AMCOS kabla ya mwezi wa tano, na mwanachama wa kunyoosha mkono. Lori la salfa litaupanda mlima wa Newala mwaka huu kama kawaida yake. Juu ya ile mifuko ya njano nafasi ya maboksi machache ya barakoa ipo.